Siku Niliyopunguza Sauti

Kanisani kwetu Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi, mimi ndiye niliyeshika ampli, ile mashine ya kukuza sauti. Niliifungua hadi karibu na mwisho, na watu waliipenda hivyo: gitaa lilikwaruza kidogo, besi ikajaa, waimbaji kumi na wawili tukasikika kama hamsini. Fundi aliyeitengeneza mjini Mbarara alinionya. "Ukikamua sana, mashine inaongeza sauti yake juu ya yako. Kwa wimbo ni sawa. Kwa maneno, hapana." Nilicheka.

Asubuhi moja kiongozi wa kijiji aliiazima, na mimi pamoja nayo, asomee majina ya familia zilizoitwa kwenye mahojiano ya kuhamia nchi ya mbali. Asiyejitokeza kabla ya gari kuondoka, nafasi inampita. Uwanja ulijaa. Hakuna aliyekaa.

Jina la kwanza lilitoka limepasuka. "Ongeza! Huku nyuma hatusikie!" Nikaongeza. La pili likawa ngurumo tupu. "Ongeza, mama!" Nikaongeza tena.

Jirani yangu mjane akaja mbio na mfuko wake, machozi yakimtoka. Kiongozi akaitazama kadi yake, akaitazama orodha.

"Si wewe, mama. Jina lako na hili yanatofautiana herufi moja."

"Nimesikia jina yangu," alisema. "Bote bamesikia."

Kiongozi akalirudia jina. Likanguruma vilevile. Mwenye jina hakutokea, na dereva alikuwa amekwisha kuwasha gari. Nyuma watu wakaanza kusukumana. Mmoja akasema orodha imeuzwa.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maneno ya yule fundi. Nikazungusha kitufe cha sauti nyuma, chini ya nusu.

"Unafanya nini?" kiongozi akauliza.

"Waambie banyamaze. Bakinyamaza batasikia."

Wakanizomea. Mwanamume mmoja alinyoosha mkono aongeze mwenyewe. Nikakifunika kitufe kwa viganja viwili, nikabaki hivyo. Kelele zikapungua polepole, kwanza mbele, kisha nyuma. Jina likasomwa tena, jembamba, kila herufi mahali pake.

Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akainua mkono kule mwisho kabisa. Alikuwa amesimama palepale tangu mwanzo.

Orodha ikaanzwa upya, na familia nyingine mbili zikakimbilia gari. Jirani yangu, kwa kudhani mashine yangu imemwita, alikuwa amekwisha kumuaga mama yake. Alirudi nyumbani na mfuko wake, na kwa miezi mingi hakunisemesha.