Kolekole wa Posa

Iluminada, mlinzi wa bahari wa kujitolea, alivaa filimbi shingoni hata kanisani. Wavuvi wa baruti pande zile za kisiwa cha Bohol, Ufilipino, walimwogopa kuliko polisi, maana polisi hulala. Mzaha ulimwisha pale tu alipoyataja matumbawe: aliyakuta yana rangi zote, sasa ni kifusi, na vifaranga vya samaki vinaelea matumbo juu.

Binti yake wa pekee, Marivel, akapendwa na kijana wa kisiwa cha pili. Jumapili posa ikaja. Baba wa kijana, Eleuterio, mcheshi wa kupindukia, alibeba kolekole mzima aliyepikwa kwa siki na tangawizi, mkia unaning'inia nje ya sinia. Alitaka ijulikane kwamba mwanawe hatoki kwa watu wa dagaa. Namna samaki huyo alivyokufa, na anakwenda kuliwa kwa nani, hilo halikumpitia kichwani.

Iluminada akamega. Nyama ikaachia yenyewe. Uti wa mgongo ulikuwa umekatika vipande, na damu imevilia kando ya mifupa, kama afavyo samaki wa baruti. Mkono wake ukaenda kwenye filimbi. Marivel akamkanyaga chini ya meza. Kukataa chakula cha posa ni kumkataa bwana harusi, na binti alishachagua rangi ya nguo za wasimamizi.

Eleuterio akauliza kama chumvi imezidi.

"Chumvi iko sawa, kaka. Huyu umemvua kwa kitu gani?"

"Kwa ndoano."

"Ndoano yako ina mshindo."

Iluminada akalimeza tonge. Samaki alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Sikia, mkwe," akasema. "Binti nimekupa. Na kukukamata nitakukamata. Sema wewe kipi kitangulie."

Eleuterio akamtazama mwanawe, ambaye macho yake yalikuwa yamezama kwenye wali. Akafuta mikono taratibu.

"Basi nikamate kwanza, ili harusini niwe nimeshatoka."

Asubuhi Iluminada akamvusha mwenyewe kwa mtumbwi wake kwenda kituoni, wakibishana njia nzima kuhusu nani ataleta bendi. Walipofika juu ya matumbawe, maji yalikuwa meupe, unaona mpaka chini. Eleuterio akaacha ubishi, akainama, akatafuta samaki mmoja tu wa kumwonyesha mkwe wake. Hakumpata.