Mpira Mwekundu wa Léocadie

Kabambare, mtoto akivimba tumbo, watu walisema: mupelekeni kwa Léocadie. Miaka arobaini alipiga watoto puwari, ule mpira mdogo mwekundu unaosukuma maji ya majani kwa nyuma mpaka tumbo lifunguke. Alizaa saba, akawalea saba kwa mpira ule, na hakuna aliyekufa. Hilo alilisema kila alipopata sikio.

Kisha Grâce, mjukuu wake wa miaka tisa, akashikwa na homa. Mama yake, Yvette, alikuwa Lusangi, kwenye njia ya Kasongo, akiosha mchanga wa dhahabu, kwa hiyo mtoto alikuwa mikononi mwa bibi. Wiki mbili vidonge vya malaria havikusaidia kitu. Mtoto alilala macho wazi, akichunachuna shuka.

Asubuhi moja alimpeleka kituo cha afya, na Zéphirin, muganga wa hapo, akambonyeza tumbo taratibu.

"Iko tifoide, mama. Ni yale maji ya kisima chenu. Utumbo wake sasa ni laini kama karatasi iliyolowa. Leo mutafute pikipiki, mumupeleke Kasongo kwa hospitali. Na puwari, hapana! Itamutoboa."

"Wewe Zéphirin! Nilikupiga puwari ukalia mpaka majirani wakaja kutazama matako yako. Leo unanifundisha?"

"Ulinipiga, mama. Lakini sikuwa na tifoide."

Watu waliosubiri wakacheka. Kicheko kile Léocadie alikibeba mpaka nyumbani, pamoja na mtoto mgongoni.

Emile wa pikipiki alikuwa bado anatafuta mafuta. Grâce akamlalamikia bibi yake, "Koko, tumbo inanijaa." Siku nne hakwenda choo. Léocadie aliutazama mpira kwenye msumari wake. Akachemsha majani, akapunguza tangawizi, pilipili akaiacha kabisa, kama mtu anayepatana na katazo.

Alipouminya mpira, Grâce alipiga ukelele mmoja. Baadaye kidogo akasema haumwi tena. Léocadie alitamani Zéphirin apite aone. Lakini Emile alipofika, tumbo lilikuwa gumu kama ubao.

Walimfunga mtoto kwa kitenge kati yao wawili, wakaondoka. Barabara ilikuwa mashimo na matope, mara tatu wakashuka kusukuma. Walipoingia Lusangi, Grâce alikuwa amekwisha kufa, paji la uso kwenye mgongo wa Emile.

Yvette alikuja mbio, matope mpaka magotini.

"Mulimupa nini?"

Léocadie aliinama, akaanza kufungua fundo la kitenge.

Kwenye matanga Zéphirin alikuja akaketi karibu naye. Léocadie akapandisha mkono wa blauzi, akamwonyesha kovu la mviringo.

"Hii ya chanjo ya ndui. Walitupanga mstari shuleni, mimi nikatoka wa kwanza, sikulia. Na hii tifoide, iko na chanjo?"

"Iko, mama. Kwetu huku haijafika."

Aliushusha mkono wa blauzi polepole.

Haukupita mwezi, mwanamke mmoja akaleta mtoto mwenye homa, tumbo limevimba. Yvette alikuwa uani, anatwanga muhogo. Léocadie alisimama mlangoni, hakuwapisha.

"Mupeleke kwa Zéphirin."

"Jamani, mama! Si wewe ulilea saba kwa puwari?"

"Nililea saba," alisema, kwa sauti ya kufika uani. "Na Grâce nilimupiga puwari, nikamutoboa. Kimbia."

Uani, mchi ukasimama.