Nilimtoa Rafiki Yangu Kwenye Umati

Kosa ni langu, na sitaki mtu anitafutie sababu. Nilikatazwa, nikaapa, halafu nikafanya. Ni miezi saba sasa nimekaa nalo moyoni na sina wa kumwambia, ndiyo maana nawaambia nyie msionijua.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, kazi yangu kupiga picha. Nina kistudio Temeke, upande wa Tandika, chumba kimoja chenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Watu wanakuja kupiga pasipoti saizi. Wanakaa, wanakaza uso, wanaondoka. Siku nyingine nilikuwaga nafunga duka ndipo nagundua kwamba tangu asubuhi maneno niliyosema ni "inua kidevu" na "usicheke". Ndugu zangu wote wako Songea. Nikirudi chumbani nawasha redio ili kuwe na sauti ya mtu.

Halafu akaja Hadija. Hilo si jina lake, nimembadilishia. Angalau hilo nimejifunza.

Aliweka cherehani chini ya mwavuli, ng'ambo ya barabara, akawa anabadilisha zipu na kupunguza suruali. Wiki ya kwanza tulisalimiana tu. Wiki ya pili ananiita, "Dada picha, njoo, chai inapoa." Kuanzia hapo nikawa na mtu. Nilipougua malaria alifunga kazi siku mbili akakaa na mie chumbani, ananipikia uji, ananisimulia vituko vya wateja wake mpaka nacheka na homa yangu.

Siku moja mvua ilimkimbiza, akaingia studio. Akakunja mkono wa gauni, akanionesha mkono wa kushoto ulivyounga vibaya. Akaniambia ni mume wake, kule Masasi. Alimvunja kwa mchi. Ndugu wakasuluhisha, akarudi, akapigwa tena. Mara ya tatu akatoroka na mfuko mmoja wa nailoni.

"Unajua kwa nini nimekaa Tandika?" akaniuliza.

"Si kwa ajili ya wateja?"

"Kwa ajili ya watu, dada. Hapa akija kunitafuta, macho yatamchoka kabla hajanifikia." Akaangalia kamera mezani. "Wewe piga unachotaka. Ila sura yangu iache."

Nikamwambia, "Haki ya Mungu, siwezi."

Nilikuwa kwenye grupu la simu la wapiga picha. Wengi ni vijana wenye kamera kubwa. Kila wiki kunakuwa na mada, mnatuma, mnakosoana. Picha zangu za mtaani walizisema kila mara. "Sista, hapa watu wamejaa tu, jicho halijui liende wapi." Mwingine akasema picha zangu ni kelele. Ilinichoma, maana lile grupu ndilo lilikuwa kampani yangu usiku.

Jumamosi moja karibu na Idi, mtaa ulifurika. Nikapanda kwenye stuli mlangoni nikapiga. Bodaboda, wamama na ndoo, mtu kabeba magodoro manne kichwani. Nilikuwa napiga mtaa, naapa. Lakini nilipoifungua ile picha kwenye kompyuta nikamwona Hadija katikati yao, mdogo kabisa, kainua uso kutoka kwenye cherehani anamcheka mteja. Kitambaa cha kijani kichwani. Sijawahi kupiga uso mzuri kama ule.

Nilipaswa kufuta. Badala yake nikasema ngoja nijaribu tu.

Nikawatoa wengine rangi, wote wakawa kijivu. Nikawafifisha, nikatia giza pembeni. Nikakata pale ambapo mbeba magodoro alikuwa anavuta macho. Kila nilichoondoa, yeye akazidi kuja mbele. Mwisho kwenye ule mtaa wote ukabaki uso mmoja na kitambaa kimoja cha kijani. Chini kwenye kona nikaandika jina la studio yangu na Tandika.

Nikatuma. Nilijiambia Hadija ana simu ya kitochi, hataiona.

Grupu zima lilisimama. "Sista, leo umeua." Yule aliyesema picha zangu ni kelele akaomba nimfundishe. Mmoja akaiweka kwenye ukurasa wake, watu wakaanza kuisambaza. Nikalala nimeshika simu. Na asubuhi nikanywa chai na Hadija, mkate nikala, neno sikusema.

Zikapita kama wiki mbili. Mchana mmoja akaingia mwanaume, shati limepigwa pasi, mpole, kanisalimia vizuri. Nikadhani mteja, nikamwonesha kiti. Akatoa simu.

"Hii picha umepiga wewe?"

"Ndiyo."

"Namtafuta huyu. Ni mke wangu."

"Simjui, kaka. Hapa wanapita watu wengi."

Akaitazama simu, akanitazama mie. "Wanapita wengi. Lakini kwenye picha yako yuko mmoja."

Akakaa kwenye benchi. Akasema atasubiri, hana haraka. Ng'ambo ya barabara cherehani lilikuwa wazi, mwavuli umefunguliwa, kiti kitupu. Hadija alikuwa kaenda kununua uzi.

Nikamdanganya yule mwanaume kwamba nafuata karatasi za picha. Nikatoka natembea kawaida, nilipokata kona nikakimbia. Nikamkuta kwenye duka la vitambaa anachagua rangi.

"Mumeo yuko studio."

Hakupiga kelele. Aliweka ule uzi mezani polepole. "Amejuaje?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini angenisamehe kwa uongo, na hilo sikuliweza. Nikafungua simu nikampa.

Akagusa kioo kwa kidole, pale pembeni kwenye giza.

"Hawa watu wote umewapeleka wapi?" akauliza.

"Hadija, nisamehe."

"Nilikuwa katikati yao, dada. Umewapeleka wapi?"

Akanirudishia simu, akavua kile kitambaa cha kijani, akakikunja akaweka kifuani, akajitanda khanga mpaka usoni. Nikamwambia twende wote polisi, kuna dawati la mambo haya. Akasema, "Wewe utarudi kwako jioni. Mie nitarudi wapi?" Akatokea mlango wa nyuma wa lile duka. Alivyovaa ndivyo alivyoondoka.

Yule mwanaume alirudi siku tatu mfululizo. Siku ya tatu nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa nikaeleza yote, wakaja na askari, wakamchukua kumhoji. Sijamwona tena. Lakini hilo nilipaswa kulifanya mapema, wakati Hadija bado ana kiti chake pale.

Picha nimeifuta. Haijafutika. Mpaka leo kuna mtu ananitumia ananiambia, "Hii si yako? Hongera." Nimepata wateja kupitia ile picha. Harusi mbili. Kwenye grupu hawajui kitu, wananiita mwalimu. Nimejitoa bila kuaga.

Mwezi uliopita mama anayeuza chapati jirani alikuja akasimama mlangoni. "Yule fundi kanipigia," akasema. "Yuko salama. Cherehani lake anasema umpe binti yeyote mwenye shida, alitumie."

"Yuko wapi, mama?"

"Kanikataza kusema."

"Kasema nini kingine? Kuhusu mie?"

Yule mama aliangalia chini. "Kasema usimtafute." Nikasubiri. "Basi, mwanangu. Ni hilo tu."

Cherehani nimeshampa binti mmoja wa Mbagala. Chai siku hizi nakunywa ndani, nimeangalia ukutani. Ukinihurumia utakuwa umekosea mtu. Mhurumie yule ambaye sasa, huko aliko, akisikia mtu kasimama nyuma yake, moyo unaruka.

Nyie mnaopiga picha mitaani, na siku hizi kila mwenye simu anapiga, nisikilizeni. Yule mtu aliyekupendeza kwenye umati ana maisha yake, na hujui kakaa pale kwa nini. Kabla hujamleta mbele ya watu, nenda kamuulize. Akikataa, mwache na wenzake.

Kutoka mlangoni kwangu mpaka pale ulipokuwa mwavuli wake nimekuja kuhesabu juzi. Ni hatua kumi na sita. Usiku ule, kabla sijatuma, sikuzitembea.