Uzi wa Sweta la Baba

Mjukuu wangu anajifunza kufuma, na sindano zake zinapogongana huwa namsikia mama, ingawa mama alifumia spoku za baiskeli. Sogeeni niwaambie jambo ambalo watoto wangu wenyewe sijawaambia.

Tulikaa Pasiansi, kando ya ziwa, mwaka mmoja au miwili kabla ya uhuru. Baba alikuwa baharia wa meli za ziwani, na sweta lake zito la sufu ndilo lililomkinga na upepo wa alfajiri. Masika yale homa ikamchukua. Mdogo wangu Masanja alikuwa hajaanza hata kutambaa, na kila mvua iliponyesha kifua kilimbana, tukawa tunahesabu pumzi zake. Ndipo mama akalifumua sweta la baba ili amfumie mtoto.

Uzi ulitoka umejikunjakunja kama nywele zilizofumuliwa misuko. Jirani yetu Mama Hadija, aliyemfundisha mama kufuma, hakuchoka kuuliza.

"Mama Kabula, uzi wa kufumua huoshwa kwanza ndiyo unyooke. Utauosha lini? Mtoto anakohoa."

"Nitauosha, dada."

Hakuuosha. Aliutia ndani ya foronya, akalala nao, nami nikadhani anauficha usitafunwe na panya.

Nilikuwa na miaka minane na kiherehere cha kutosha mtaa mzima. Siku moja mama alipokwenda shambani na Masanja mgongoni, nikaona nimpunguzie kazi. Kwetu ni nchi ya pamba. Shuka, nepi, sare nyeupe za shule, vyote tulivichemsha vikatakata. Nikabandika debe motoni, nikakatia sabuni ya mche, nikatumbukiza uzi wote na kuukoroga kwa mwiko wa ugali. Nyumba nzima ikanuka kondoo aliyenyeshewa. Nilipouopoa haukuwa uzi tena, maana sufu si pamba, ikichemshwa hujikaza. Ulikuwa umeshikamana ukawa bonge moja gumu, huoni pa kuvuta.

Mama alirudi, akalichukua lile bonge, akakaa chini.

"Kabula, umeuosha?"

"Nilitaka unyooke, mama. Masanja apate sweta."

Hakunipiga. Alilipeleka puani, akaligeuza, akalinusa tena, halafu akalia kwa sauti, yeye ambaye siku ya mazishi ya baba alilia kimyakimya. Kilio kile kiliniogopesha kuliko fimbo yoyote. Kesho yake alilipasua kwa kisu, akalishonea kitambaa, akalifunga kifuani kwa Masanja. Mtoto akapata joto, akalala, nami nikajiona nimesamehewa.

Miaka mingi niliamini kosa langu lilikuwa ule moto. Kisha nikafiwa na mume wangu, na binti yangu, kwa nia njema, akataka kulifua shati ambalo marehemu alilivua mara ya mwisho. Nilimpokonya kwa ukali hata mwenyewe nikashtuka. Usiku nikalilalia, lina jasho lake.

Kumbe hata ningeuosha ule uzi kwa ustadi wote, bado ningemwondoa baba aliyebaki ndani yake. Mama alikwisha kukubali kumpa Masanja uzi ule. Alihitaji siku chache tu, na mimi ndiye niliyemnyang'anya siku hizo.