Pilau ya Karama Iliyotoka Jinja

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa mnyororo. Wandera, kijana wa bodaboda aliyepanga chumba cha karibu na lango, aliuzungusha kwenye bomba la maji la uani, hapa hapa Namakwekwe, Mbale, akaufunga kwa kufuli ya pikipiki yake na kutia ufunguo mfukoni. Mpangaji aliyetaka maji alimwita akafunguliwa. Aliyenyimwa alikuwa mmoja tu, Amuna, mama aliyekimbia vita Sudan akaja kwetu na mtoto mgongoni.

Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimemaliza shule na sijui nifanye nini, kama wewe ulivyo sasa, na usinikasirikie kwa kusema hivyo. Niliishi na bibi yangu, mwenye vyumba hivi. Sisi Wanubi bibi tunamwita Habuba, na wapangaji nao, Wagisu kwa Wasoga, wakamwita hivyo hivyo mpaka jina lake halisi likasahaulika.

Kipindupindu kilikuwa kimeingia uani. Kwanza alilala mke wa fundi cherehani, kisha mimi mwenyewe, nikaharisha mpaka nikashindwa kusimama, kisha mama yake Wandera. Mimi na mke wa fundi tuliwahiwa, tukatundikiwa maji hospitalini tukarudi. Mama yake Wandera hakurudi. Watu wa afya walimzika wenyewe, wamevaa glavu, wakinyunyiza dawa, na Wandera hakuruhusiwa hata kumshika mama yake mkono. Hilo nakwambia mapema ili usimhukumu kwa ule mnyororo.

Asubuhi ile ya mnyororo Wandera alikuja na wapangaji wenzake mpaka barazani kwa Habuba. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuna aliyejali kulowa.

"Habuba, huyu mama ya Sudan atoke leo," alisema. "Sisi tulikuwa muzuri hapa. Yeye amekuja, watu wanakufa."

"Atoke aende wapi?"

"Aende kwenye ametoka."

Amuna alikuwa amesimama mlangoni kwake na jerikeni tupu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini alijua anayesemwa ni yeye. Aliingia ndani, nikasikia sufuria zinagongana, anafunga vitu vyake. Nilijua angekwenda wapi: kule bondeni, kuteka maji ya mtaroni, kwa kuwa hakuna mtaa mwingine ambao ungempokea baada ya kufukuzwa kwetu. Mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Kwa ugonjwa uliokuwa mjini siku zile, asingefika mbali.

Nilimngojea Habuba awatimue. Alikuwa mwanamke wa mwili na wa amri, na nyumba ilikuwa yake. Badala yake aligeuka kwangu akaniuliza jambo ambalo halikuhusu, au ndivyo nilivyodhani.

"Zaitun, ile pilau ya karama uliwapa nani?"

Hapa nikueleze kidogo. Siku chache kabla ugonjwa haujaingia uani, kaka yake Habuba alifariki Jinja, upande wa Kimaka, na Habuba alikwenda kumzika. Karama unaijua, ni kile chakula tunachompikia marehemu, watu wale na wamwombee. Zamani ilikuwa aibu kurudi kutoka kwenye karama mikono mitupu. Aliyeshindwa kusafiri alipelekewa sehemu yake, ndiyo baraka yake. Basi Habuba alijaza kapu lake, pilau ikalala Jinja, kesho yake ikapanda taksi mpaka Mbale. Alipofika aliniambia niigawe upesi kabla haijaharibika. Yeye hakuonja, alikuwa bado na msiba moyoni.

"Nilimpa mke wa fundi," nikajibu. "Na mama yake Wandera. Nyingine nikala mimi."

"Na Amuna?"

"Yeye hapana. Ulisema baraka ni ya watu wa nyumbani."

Habuba alisimama. Alishika nguzo ya baraza, akasema kwa sauti ya kawaida tu, ile aliyotumia kuulizia bei ya mchele.

"Kaka yangu hakufa kwa presha. Hiyo niliwaambia mimi, na ni uongo. Alikufa kwa kuhara. Tulificha, maana tungesema wangemzika watu wa serikali, tusingemwosha wala kumswalia tunavyojua. Wanawake tuliofua mashuka yake ndio tuliopika. Mimi nilifua, na mimi nikapakua ile pilau kwa mkono huu. Waliokula ndio walioumwa. Amuna sikumpa, ndiyo maana mnamwona mzima. Ugonjwa umetoka Jinja, na umekuja na mimi."

Mwanangu, niliona aibu mpaka nikamchukia. Nilimvuta nguo, nikamnong'oneza, "Habuba, basi, nyamaza." Ningefurahi Amuna aondoke, ilimradi watu wasiyasikie yale. Huo ndio ukweli wa moyo wangu saa ile.

Habuba aliutoa mkono wangu taratibu, akaendelea.

"Babu zangu walikuja nchi hii wakiwa askari, na bunduki za watu wengine, wametoka huko huko anakotoka huyu mama. Ndui ilitembea nao njia nzima. Bibi yangu alinisimulia. Vijiji vingine viliwafukuza wagonjwa, na wagonjwa wakajificha kwa ndugu na marafiki waliooa katika vijiji hivyo hivyo, na ndui ikafika kule kule ilikofukuzwa. Kila kijiji kiliuliza nani atolewe. Hakuna aliyeuliza imepita wapi. Nanyi mkimtoa huyu, mtalala usingizi mkidhani mmepona, na kapu langu liko jikoni."

Mvua iliendelea kupiga mabati. Wandera alisogea hadi ukingo wa baraza.

"Habuba, ni wewe umeua mama yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Sikujua, lakini ni mimi."

Hakujitetea zaidi ya hapo. Wandera alitoa ufunguo, akaenda bombani, akafungua kufuli. Mnyororo akauacha pale matopeni, akatoka langoni kwa miguu, pikipiki yake akaiacha imesimama. Baadaye kidogo Amuna alitoka na jerikeni, akakinga maji, akarudi ndani. Nilisikia sufuria zikifunguliwa tena.

Mchana ule Habuba alinituma kwa watu wa afya, nikawaeleza yote, nao wakawaarifu wenzao wa Jinja. Nyumba ya msiba ilipigwa dawa, na jamaa waliokuwa wameanza kuumwa wakapelekwa hospitali. Wengi walipona. Shukrani hatukuipata. Jamaa zetu wa Kimaka walisema Habuba amemvua marehemu nguo mbele za watu, na baadhi yao hawakukanyaga kwetu tena. Wandera naye alikaa muda mrefu sana akipita barazani bila kumwamkia. Siku moja akamwamkia, bila maelezo yoyote, naye akaitikia. Habuba alipokufa, yeye alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Amuna alikwisha kuhama, ana duka lake Buwenge, na yule mtoto sasa ana watoto.

Haya nisingeyafukua bila sababu. Juzi, redio ilipotangaza ule ugonjwa mpya, nilikusikia pale bombani ukiwaambia wenzako habari za vijana wa chumba cha mwisho. "Hao wa Kongo," ulisema, "waondolewe mapema." Sikukugombeza mbele za watu. Nakwambia sasa.

Ugonjwa husafiri na watu, sikatai, na anayetoka mbali anaweza kuja nao. Apimwe, atibiwe, na wewe unawe mikono kwa sabuni kama nilivyokufundisha. Lakini usiwe na haraka ya kumtafuta wa kumtoa. Uliza ugonjwa umepitia wapi, na uanze kuuliza chumbani kwako. Ukifiwa, sema kilichomuua mtu wako, hata kama ni cha aibu, maana wanaokula msibani kwako wana watoto. Na ukijua jambo litakalomsafisha mgeni, usinyamaze kama nilivyotaka Habuba anyamaze.

Karama bado tunapika, unajua. Ila katika nyumba hii pilau huliwa ya moto, hapa hapa uani, haisafiri. Na sahani ya kwanza huenda kwa mpangaji aliyeingia mwisho. Habuba aliliweka hilo mwenyewe, na sijawahi kukwambia kwa nini. Ijumaa tunamsomea dua. Sahani ya kwanza utaipeleka wewe, chumba cha mwisho. Gonga, ngoja wakufungulie, kaa ule nao.

Mungu akuepushe na maradhi, mwanangu, wewe na wote wanaochota maji pamoja nawe. Na siku yakipitia mlangoni kwako, akupe moyo wa kusimama barazani na kusema, "Yamekuja na mimi." Amin.