Mikono Chini ya Birika

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumapili ya kawaida kabisa. Tulikuwa tumetoka misa, tumerudi nyumbani hapa hapa Kikula, mjini Likasi, na baba yangu alikuwa bado amevaa shati lake jeupe la kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza Nasadiki, ile sala ya kukiri imani. Sauti yake ilikuwa nzito, haikukwama popote, na majirani walikuwa wakisema kwamba akifika kwenye "Baba Mwenyezi" hata watoto wachanga wananyamaza. Nami nilikuwa najivunia sana kuwa binti yake, kwa nini nikufiche.

Nakusimulia haya kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi, ukiwa umekaa kwenye kiti hicho hicho. Ulitaka kujua utaitambuaje imani inayookoa, na utajuaje kama yako si maneno tu uliyoyazoea tangu katekisimu. Ni swali zuri. Mwalimu wa kwaya kama wewe akifikia kujiuliza hivyo, ana nafuu. Lakini siku chache kabla nilikuwa nimepita kwako kumsalimu mke wako, nikamwona Mado, yule mtoto mlioachiwa na marehemu shemeji yako. Alikuwa anakula peke yake nyuma ya jiko, na sahani yake ya bati imetengwa na sahani zenu. Sikuuliza kitu, maana nimeishi Likasi miaka mingi na sahani ya namna hiyo naijua. Basi leo nayajibu yote mawili, uliloniuliza na ulilonificha.

Nyumbani kwetu nako alikuwepo mtoto wa namna hiyo. Aliitwa Ngoie, binti wa dada yake Baba. Mama yake alipofariki, Baba alikwenda mwenyewe kumchukua, akamleta amembeba mgongoni kutoka kituo cha treni. Alikuwa mwembamba, mkimya, na alikuwa anakojoa kitandani, jambo ambalo baadaye watu walilifanya ushahidi wa uchawi. Unajua desturi yetu: mdogo anayeweza kushika birika ndiye anayewamwagia wakubwa maji mikononi kabla ya kula bukari, ugali wetu. Kazi hiyo ilikuwa ya Ngoie. Alianza kwa Baba, akaenda kwa Mama, na mwisho akafika kwangu, na kwangu alikuwa akimwaga mengi kwa makusudi ili nilowane mikono ya gauni. Tulikuwa tunacheka mpaka Mama anatukemea.

Halafu mdogo wangu Kabwe akaanza kuugua. Homa ilikuja, ikaondoka, ikarudi. Wakati huo huo Baba akasimamishwa kazi kiwandani. Mtaa wa pili alikaa mama mmoja mwenye chumba cha maombi, watu walikuwa wanapanga foleni kwake. Baba akaenda. Yule mama akafumba macho, akasema nyumbani kwetu kuna mtoto aliyepewa mkate na mtu asiyemjua, akaula, na sasa anatakiwa amtoe kafara mtu wa nyumba hiyo ili kulipa ule mkate. Hakutaja jina, wala haikuwa lazima.

Tangu siku hiyo birika nikapewa mimi. Ngoie akapewa sahani yake, kikombe chake, na mkeka wake jikoni. Ikaamuliwa kwamba Jumatatu atapelekwa kwa yule mama, afungiwe chumbani bila chakula wala maji mpaka aungame. Na mtoto akishaungama, mwanangu, mlango wa nyumbani haufunguki tena. Watoto wa namna hiyo tulikuwa tunawaona sokoni wakilala juu ya maboksi, na wengine waliishia machimboni Kamatanda wakiokota mawe ya shaba ili wapate cha kula. Sote tulijua Ngoie anaelekea wapi. 

Jumapili ile, siku moja kabla ya safari yake, Nkambo akafika. Nkambo ni bibi, ndivyo tunavyosema sisi. Huyu alikuwa mama yake Baba, mkulima wa Kapolowe, mwanamke wa maneno machache na makali. Alikuja na mfuko wa unga na mahindi mabichi kumwona Kabwe. Tukaketi kula, nikachukua birika na beseni, nikaanza kwake. Hakunyoosha mikono.

"Juu ya nini weye njo unashika birika?" akaniuliza. "Uko mukubwa sasa. Ngoie iko wapi?"

 Baba akamweleza, na ile sauti yake ya kanisani ikawa ndogo. Nkambo alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Asubui ulisoma nini kule kanisani?"

"Nasadiki, Mama."

"Unasadiki nani?"

"Mungu Mwenyezi."

"Mwenyezi," Nkambo akarudia. "Na unaogopa mutoto mwenye kukojoa kwa kitanda."

Baba akainamisha kichwa. "Mama, hayo mambo iko. Hata weye unajua."

"Najua kukupita. Nilikomea ndani yake tangu niko mutoto." Nkambo akanyoosha mkono mmoja mbele yetu, na mkono ulikuwa unatetemeka. "Ona. Minye pia naogopa. Lakini nilisema nasadiki, sikusema siogopi."

Kisha akamwita Ngoie. Mtoto akasimama mlangoni, hakuthubutu kuvuka, mpaka Nkambo akaamka na kumvuta kwa mkono. Akampa birika. Ngoie alilishika kwa mikono miwili na maji yakamwagika sakafuni kabla hayajafika popote. Nkambo akakaa, akanyoosha mikono yake juu ya beseni, akasema, "Mwaga, mama." Maji yakashuka. Akanawa polepole, akakata tonge, akachovya kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akala. Akatafuna akitutazama mmoja mmoja.

"Sasa," akasema, "mwenye kusadiki anyooshe mukono."

Mama alimpakata Kabwe, akawa anamtazama Baba. Mimi nilinyoosha wangu. Usinisifu, ilikuwa njaa, na nilimwogopa Nkambo kuliko mchawi yeyote. Mama naye, baada ya muda mrefu, akatoa mkono mmoja, ule ambao haukuwa umemshika Kabwe. Baba akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakula nyumbani siku ile.

Jumatatu hakumpeleka Ngoie kwa yule mama wa maombi. Kwa kumwonea aibu Nkambo, nadhani. Lakini hakunyoosha mkono pia. Akirudi nyumbani alikuwa ananawa peke yake bombani, halafu anakuja mezani na mikono imelowa, tunajifanya hatuoni. Alikaa hapo katikati wiki nyingi, na wengi wetu tunakaa hapo miaka yote. Jumapili aliendelea kuongoza Nasadiki kwa sauti ile ile, na mimi niliyekuwa nikijivuna nilikaa benchini nikisikia mtu anayesoma maneno vizuri tu. Iliniuma kuliko ninavyoweza kukueleza.

Kisha Kabwe akafa.

Ningependa kukuambia kwamba alipona, kwamba Mungu alitulipa kwa ile Jumapili ya Nkambo. Ushuhuda wa namna hiyo unapendwa sana siku hizi, unatumwa kwenye simu mpaka usiku. Sikuletei. Hospitali walisema damu ilikuwa imemwishia na tulikuwa tumechelewa. Alifia mikononi mwa Mama, kulipopambazuka, na Ngoie ndiye aliyetumwa kumwita Baba.

Matanga yakajaa watu. Kwenye mikeka walinong'ona kwamba walishasema, kwamba mtoto alishaonekana kuwa mchawi na wenye nyumba hawakusikia. Kaka mkubwa wa Baba akalisema wazi, mbele ya wote: yule mtoto atoke kabla sanduku halijatoka. Baba akaendelea kulitazama sanduku. Nilimtazama Nkambo, nikitumaini atasimama na ule ukali wake, lakini alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, ameketi ukutani, macho yamefumba. Safari hii hapakuwa na wa kumsukuma Baba. Nikajua Ngoie amekwisha, na niliogopa kwa ajili yake kwa hofu ya kweli.

Tukaenda makaburini, tukamzika Kabwe, tukarudi. Hapa kwetu, unajua, anayetoka makaburini haingii uani kabla ya kunawa. Beseni huwekwa mlangoni pa ua. Watu wakasimama barabarani wakingoja, na mjomba mmoja akainama kushika birika ili aanze kuwamwagia. Baba akamnyang'anya. Akaingia uani peke yake bila kunawa, watu wakaguna, akaenda moja kwa moja jikoni. Alipotoka alikuwa amemshika Ngoie mkono.

Akamsimamisha mlangoni, mbele ya umati wote, akampa birika.

"Mwangia mujomba wako mayi," akamwambia.

Ngoie akamtazama kama hajaelewa. Baba akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni, na ilikuwa bado na udongo mwekundu aliomtupia mwanawe. Ilikuwa inatetemeka kama ule wa Nkambo. Mtoto akamwaga. Baba akanawa, kisha akachota maji yale yale kwa viganja akayapaka usoni, na hatukujua tena yapi ni maji na yapi ni machozi. Halafu akasimama kando ya Ngoie, akamwekea mkono begani.

"Mwenye kuingia kwangu," akawaambia, "ananawa hapa."

Wengine walinawa haraka haraka bila kumtazama mtoto. Wengine waligeuka wakaenda zao, akiwemo yule kaka yake mkubwa, ambaye hakula tena kwetu mpaka anakufa. Nkambo aliletwa ameshikwa mkono na wanawake wawili. Alinawa, akamshika Ngoie kidevu, akaingia ndani. Mimi nilikuwa wa mwisho, na Ngoie kwa mazoea ya mikono yake akanimwagia mengi mpaka nikalowana. Nililia pale mlangoni kwa huzuni na kwa furaha, sikujua ipi ni ipi.

Jumapili iliyofuata Baba aliongoza Nasadiki, na safari hii sauti ilikwama. Ilikwama kwenye "Mwenyezi", akasimama kidogo, akaendelea. Padri alidhani ni msiba. Mimi nilikaa benchini nikijua kwamba leo anakisadiki anachokisema.

Sasa nikujibu. Kujua kwamba Mungu yupo si tatizo, hata shetani anajua, tena kuliko mimi na wewe. Baba alijua, na ile siku aliyotoka na kofia yake alijua vilevile. Kuyasema maneno yote bila kukosea nako hakuokoi mtu, la sivyo tepu rekoda zingekuwa zimeshafika mbinguni. Na usidhani ile mikono ndiyo iliyomwokoa baba yangu. Anayeokoa ni Kristo peke yake. Lakini kabla ya siku ile Baba alikuwa anamsadiki Kristo na anamwogopa mtoto, na kila walipogongana, mtoto ndiye aliyeshinda. Pale mlangoni, akiwa hana kazi, ametoka kuzika mwana, hana hata mama wa kumtetea, alijiachia kwa yule aliyekuwa akimtaja kila Jumapili. Hofu haikumtoka. Niliiona mikononi mwake. Ila haikuwa tena bwana wake.

Kwa hiyo, mwanangu, usijipime kwa namna unavyoimba, wala kwa machozi ya kwenye ibada, wala kwa maombi yaliyojibiwa. Jipime pale unapoogopa. Tazama hapo unamtegemea nani, na nani anaumia kwa sababu ya unayemtegemea. Kama imani yako inamweka mtoto yatima nyuma ya jiko, hiyo ni hofu uliyoivalisha kanzu, itubu leo, usingoje ukomavu. Mungu hachoki kumpokea mtu anayechelewa. Baba yangu alichelewa sana.

Na kuhusu kanzu: zile za bluu mnazovaa kwenye kwaya, mkizisifia kwamba zimekaa vizuri mabegani, aliyezishona ni Ngoie. Ana wajukuu sasa. Umemshika mkono mara nyingi, na hujafa.

Jumapili baada ya misa nakuja kula kwako. Mke wako asihangaike na nyama, sombe inatosha. Birika apewe Mado. Nitaanza mimi kunyoosha mikono, nayo siku hizi inatetemeka, usiniulize kama ni uzee au ni kitu kingine. Wa pili utakuwa wewe.

Mungu aliyemshikilia baba yangu pale mlangoni akushikilie na wewe, mwanangu. Akuponye hofu, na asipokuponya upesi, akupe kunyoosha mkono ukiwa nayo. Akujalie watoto wa kukumwagia maji mpaka uzeeni kwako, na wa kwanza wao awe huyo aliye nyuma ya jiko.