Shamba Linamngoja Dalmas

"Tutakula mawe!" Obiero akasema, na hakusema polepole. "Mawe, Dalmas! Tuyachemshe, tuyatie chumvi, tuwaambie watoto ni viazi. Nyakach nzima imepanda. Hata yule jirani yetu mlevi, ambaye jembe analijua kwa kuliegemea tu, amepanda. Ni boma letu peke yake limebaki uchi kama kichwa cha padri. Na wewe mkubwa wetu umelala hapa kama waziri, unaletewa chai!"

"Chai yenyewe haina sukari," Dalmas akajibu.

"Yawa! Sikieni huyu! Bado analalamika!"

Wagonjwa wengine wakageuza shingo. Wodini hakuna redio tamu kama ndugu wawili wakigombana. Hii ilikuwa hospitali ndogo ya masista upande wa Mamboleo, hapa Kisumu, mwisho wa mwezi wa tatu, mwaka wa tisini na tano. Mimi nilikuwa nimemleta Obiero kwa sababu mji anaujua mpaka stendi ya basi. Kutoka hapo anapotea kama kuku aliyenunuliwa jana.

Kama wewe si wa kwetu, usimwone Obiero ni kichaa. Kwetu kupanda kuna foleni. Baba yao alikuwa ameshakufa, kwa hivyo mama yao, Mama Adero, ndiye anatia mbegu ya kwanza kwa udongo. Akimaliza, anafuata kijana mkubwa na bibi yake, yaani Dalmas na Seline. Halafu Obiero, halafu wadogo wake wakishuka. Sisi tunaita golo kodhi. Na si kazi ya jembe peke yake. Usiku wa kuamkia kupanda, mwenye nyumba lazima alale kwa nyumba yake na bibi yake, kitanda kimoja. Mengine ni ya watu wazima na mimi si mwalimu. Kwa hivyo Seline hangeweza kupanda pekee, na Obiero hangeweza kumruka kaka yake. Ukimruka mkubwa na bado yuko hai, umemtangaza maiti. Boma lote litasikia hayo maneno hata kama hukufungua mdomo.

Mama Adero alikuwa amepanda lake, mahindi yakaanza kuchungulia. Shamba la Dalmas lilikuwa limelimwa, jeusi, limekaa tu. Kila mtu akipita njia ya kwenda Pap Onditi anaangalia hilo shamba, halafu anaangalia pembeni.

Dalmas mwenyewe hakuwa mtu wa kulala hospitali. Alikuwa mtu wa pasi. Alienda Mombasa mwaka wa themanini na tatu, akapata kazi kwa dobi la hoteli moja ya wazungu, kule ufuoni. Krismasi akirudi nyumbani, suruali yake ina mkunjo unaweza kukatia nyama. Kanisani wenzake wakipiga magoti, yeye anainama nusu, Mungu amvumilie kidogo, mradi mkunjo usiharibike. Wasichana wa Katito walimjua kwa hiyo suruali kabla ya kumjua kwa sura.

Halafu jino likamsumbua. Mpishi mmoja wa hapo hotelini akamwambia, ndugu, mbona unateseka, vuta hii. Ilikuwa sigara kama sigara, lakini ndani wamenyunyiza ile dawa ya kulevya watu wa Mombasa wanaita brown sugar. Jino likanyamaza siku hiyo hiyo. Baadaye jino lenyewe lilikuja kung'olewa. Sigara haikung'oka.

Hoteli ikamfukuza, akarudi. Akaweka meza ya pasi hapa Kisumu, kwa veranda ya duka la vitambaa la Manubhai, ng'ambo ya pale ninapotengeneza baiskeli. Asubuhi alikuwa mfalme. Mashati yanatoka kwake kama yamezaliwa upya. Mchana, baada ya kuzunguka nyuma ya duka kidogo, anarudi anasinzia wima kama korongo wa ziwani. Tulicheka. Tukasema ni malaria. Kanisa likasema ni pepo. Mama Adero akaleta mizizi chungu ya kuchemsha, Dalmas akainywa yote, akasinzia vilevile.

Ile dawa yake ilikuwa inaletwa na taniboi wa lori moja la chumvi kutoka pwani, kijana wanamwita Kadogo. Lori likipita linasimama Katito, soko la karibu na kwao, Dalmas anajifanya anaenda nyumbani kusalimia. Tukamsifu. Tukasema, mwanaume huyu anapenda mama yake!

Siku aliyogunduliwa, nilisikia harufu kwanza. Nikainua macho kutoka kwa tairi. Meza ya Dalmas inatoa moshi. Chini ya pasi kuna sari nyekundu ya Urmila, bibi ya Manubhai, ile aliyoolewa nayo. Na Dalmas amesimama hapo ameshika pasi, anatabasamu. Kidole gumba chake kimelala kwa chuma cha moto, nyama inachomeka, na yeye anatabasamu. Sijawahi kupenda tabasamu la mtu yeyote sana tangu siku hiyo.

Urmila akapiga kelele. Manubhai akatoka, sisi wote tukasogea tuone vile atampiga. Hakumpiga. Alimwondoa mkono kutoka kwa pasi, akamfungua jicho kwa vidole viwili, akatazama muda mrefu.

"Hii hapana malaria," akasema. "Angalia hii tundu ya jicho. Ndogo kama tundu ya sindano. Mtoto ya ndugu yangu Mombasa alikuwa na macho kama hii. Sisi tulikuwa tunasema yeye amechoka na kazi." Akaliachia lile jicho. "Tulimpeleka kwa moto kabla ya Diwali."

Akamtia Dalmas kwa gari yake mwenyewe, akampeleka kwa masista.

Mkubwa wa wodi alikuwa Sista Nasipwondi, mama wa Bungoma, mikono yake minene, sauti yake haipandi wala haishuki. Alikuwa amefanya kazi pwani, ugonjwa huo anaujua. Alituambia sisi tuliomsindikiza, "Mtamwona mbaya kabla hamjamwona mzuri. Msikimbie."

Wengine walikimbia. Dalmas alitapika mpaka akawa hana cha kutapika, akaendelea. Alihara. Alipiga miayo na machozi yanamtoka kama mtu aliyefiwa, ngozi ikasimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, miguu ikarusha mateke peke yake kitandani. Alimwita mama yake mchawi. Alimwomba Sista amchinje, kwa adabu kabisa, "tafadhali Sista." Wakamtia dripu, wakampa vidonge vya tumbo, vya mifupa, na sindano ya kumlaza.

"Na ile hamu, Sista?" nikauliza. "Iko na dawa?"

"Hiyo sina. Naweza kuutoa huo uchafu kwa mwili. Hamu inaketi tu hapo kando, inangoja mimi niende nyumbani."

Lakini akaamka. Jumapili moja nilimkuta anakula ugali na omena, na mate yanamtoka kwa sababu ya chakula, si kwa sababu ya ugonjwa. Akaomba pasi. Akaanza kunyoosha sare za manasi, wakawa wanatembea wodini kama maofisa wa jeshi. Sista akasema vizuri, sasa akae hapa mpaka mvua yote ipite, kichwa nacho kipone. Mwili unatangulia, kichwa kinafuata nyuma kwa miguu.

Ndipo Kadogo akaja. Siku ya kuona wagonjwa, mkate mkononi, anacheka na kila mtu. "Nimekuja kumwona shemeji yangu!" Mambo ya ushemeji sijui yalitoka wapi. Sista akachukua ule mkate mbele yake, akaumega vipande vipande juu ya meza mpaka ukawa chakula cha ndege. Hakukuwa na kitu.

"Mama, unaogopa mkate?" Kadogo akamuuliza.

"Namwogopa aliyeuleta."

Kadogo akacheka tena, akamgonga Dalmas begani. "Omera, watu wa Katito wanakuuliza. Mvua hiyo inakuja. Si utakuja kupanda?" Akaenda zake akipiga mluzi. Na Dalmas, siku nzima hiyo, alichoma kola za sare mbili.

Kwa hivyo Obiero alipokuja kupiga kelele ya mawe, Sista alikuwa tayari. Watu wa boma walikuwa wameshajaribu njia zote. Mama Adero alikuwa ameleta udongo wa shamba la Dalmas kwa ndoo, na mbegu, ati kijana apande hapo kwa veranda ya wodi halafu ndoo irudi nyumbani. Wazee wakakataa. Mtu hapandi kwa ndoo kama maua ya mzungu. Sista naye siku hiyo akasema, basi mleteni Seline, mimi nitawapa chumba cha mashuka, nifunge mlango, nisiulize kitu. Wodi nzima ilicheka, hata yule wa kipindupindu.

"Na nyumba je?" Obiero akasema. "Tuilete kwa mkokoteni?"

"Baba, nisikilize," Sista akamwambia. Alimwita Baba ingawa Obiero angeweza kuwa mtoto wake. "Huyu ndugu yako, mwili wake umesahau. Zamani alikuwa anavuta kiasi cha kumwangusha punda, na anasimama. Huyo mtu alishakufa hapa wodini kwangu. Aliyebaki ni mpya kama mtoto. Akivuta kile kiasi cha zamani, mara moja tu, atasinzia, halafu pumzi itasahau kurudi. Nimewaona. Hawakutoka wodini wakiwa wabaya. Walitoka wakiwa wazima kama huyu."

Obiero akainua mkono wake. "Nitamfunga kamba. Mkono wake na wangu. Kama mbuzi."

"Mbuzi haongei. Huyu ataongea na wewe mpaka umfungue mwenyewe."

"Ni usiku mmoja tu, Sista. Alale kwake, asubuhi atie mbegu, jioni nakurudishia."

"Mrukeni. Pandeni."

"Tumruke! Unataka tumzike na anapumua?"

"Mkimruka atakufa kwa shamba tu. Mkimtoa atakufa kweli."

"Sista," Obiero akasema, na sasa sauti yake ilikuwa chini, "huko kwetu hiyo ya shamba haina dawa."

Hapo hakuna aliyecheka. Nje ngurumo ilikuwa inatoka upande wa ziwa, ile ya kusaga meno, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa mahali fulani si mbali. Obiero akaisikia. Alikuwa kama mtu anayeitwa jina. Watoto wake wanne, wa wadogo zake sijui wangapi, na mvua inaanguka juu ya ardhi tupu.

Wote tukamwangalia Dalmas. Na mimi nawaambia, katika kelele yote hiyo hakuna aliyekuwa amemuuliza yeye. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anakunja shuka. Pembe kwa pembe, kama vile wanakunja hotelini. Kidole gumba kile, kovu lake linang'aa.

"Nitaenda," akasema.

"Umeona?" Obiero akaruka. "Mkubwa wetu amesema!"

Sista hakumwangalia Obiero hata kidogo. "Unaenda kupanda, Dalmas?"

"Shamba linaningoja."

"Si hilo nimeuliza."

Dalmas akavaa shati lake. Alikuwa amelinyoosha jana yake, na ni hapo ndipo moyo wangu uliingia baridi, maana jana hakuna mtu alikuwa amesema Obiero anakuja. Shati liko tayari, suruali iko tayari, mkunjo uko mahali pake. Nilitaka kusema. Lakini mtu akivaa shati safi utamshtaki kwa nini? Labda alitaka tu kuonekana vizuri kwa bibi yake. Ameoa, ana haki.

Sista akatutoa mpaka mlango wa wodi. Akampa Obiero vidonge vya usingizi kwa karatasi, akamwonyesha vile vya kumpa jioni, akamwonya asipitie Katito sokoni, na Obiero akaitikia, ndiyo Sista, ndiyo Sista, macho yake yakiwa kwa mawingu. Mtu akienda Pap Onditi bila kupita Katito, basi ameruka kama kunguru. Sista alijua. Alisema tu kwa sababu lazima mtu aseme kitu.

Matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati, makubwa, moja moja.

"Dalmas," Sista akaita. Alikuwa amesimama kizingitini, ameshika mlango wazi kwa mgongo wake. "Kuna mgonjwa amelala chini kwa mkeka tangu jana. Niambie ukweli, na ni wewe niambie, si ndugu yako. Kitanda chako nikuwekee, ama nimpe?"

Dalmas alikuwa ameshafika kwa ngazi. Akasimama. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza wimbo kutoka nyumba ya jirani.

"Jibu Sista, wewe!" Obiero akasema. "Si useme tu akuweke!"

Dalmas akashuka ngazi. Mvua ikamwingia shati mabegani na hakujali, yeye ambaye kanisani hakupiga magoti kwa ajili ya mkunjo. Akapita kwa mlinzi bila kumsalimia, akatoka kwenye geti, akaenda kwa hatua za haraka, mbele yetu sana, na sisi wawili tukaanza kukimbia nyuma yake.